Fundo la Babu Hakuna

6 Februari

Mke wangu mdogo,

Salamu hizi zikukute mzima, na zikikukuta umelala zikuamshe. Sisi hatujambo, yaani mimi sijambo kwa mdomo na bibi yako hajambo kwa hasira. Mama yako anakusalimu. Bati la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka juzi, nami nimeliwekea sufuria ileile, kwa hiyo nyumba iko kama ulivyoiacha. Mke mwenzako anataka niandike kwamba amenenepa. Hajanenepa. Amefura, kwa sababu nilimficha jambo siku nne, na alipolijua akaninyima chai.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikwenda hospitali kwa ajili ya kikohozi. Daktari wetu mpya, binti mwenye miwani mikubwa kama madirisha ya basi, akanilaza, akanipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kitu chao cha picha. Akanyamaza. Unajua zile mashine za kufuma zilikula masikio yangu, lakini kunyamaza kwa daktari nakusikia. Kunipigia kelele kulikuwa kumeshamchosha, akaniandikia kwenye karatasi: MZEE, UNA MSHIPA UMEVIMBA.

Basi nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba nina mshipa. Wiki nzima kila mwanamume aliyekuja kunijulia hali alinitazama mapajani. Fundi viatu, jirani yangu, akaniletea mto laini wa kukalia. Nikarudi kwa Miwani nikamwambia nashangaa, maana nimekagua huko chini na mali yote iko salama. Alicheka mpaka akaivua hiyo miwani. Kumbe ni mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni kushuka tumboni. Umetuna karibu na kitovu kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Ukipasuka, hakuna wa kuweka kiraka.

Dawa yake ni kukata pale palipotuna na kushonea bomba la kitambaa. Alinichorea: juu bomba moja, chini linagawanyika mawili kwenda kila mguu. Nikamwambia, "Daktari, hiyo ni suruali." Akasema hata wao wanaiita suruali. Nikamwambia, "Mjukuu wangu ndiye anayezifuma." Hakuniamini mpaka nilipomtajia kiwanda chenu, akaenda rafuni akarudi na boksi, jina lilelile.

Miaka thelathini na minane nimefuma kitambaa cha watu kuvaa kwa nje. Sasa nitavaa chako kwa ndani. Niambie, mchumba, ni kizuri? Nataka kumringia fundi viatu nikiwa na hakika.

Usipige simu. Simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo. Andika.

Mumeo mzee,
Babu Hakuna


27 Februari

Babu,

Shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yake, usiimeze njiani. Mimi ni mzima. Nimehama chumba, sasa nakaa na mwenzangu wa zamu. Dirisha linatazama ukuta, ila ukuta ni mweupe na asubuhi unaturudishia mwanga. Mwambie mama blauzi imenitosha.

Barua yako niliisomea getini, maana ndani hatuingii na simu wala karatasi. Nilicheka kwenye mto wa fundi viatu, kisha nikaacha kucheka. Babu, usingoje. Wakikupa siku, ikubali. Usibebe ndoo, usisukume kabati, usigombane na bibi.

Nikueleze kazi yetu. Kwenye ukumbi huingii na kucha ndefu wala pete. Tunavaa meupe toka utosini mpaka unyayoni, macho tu ndiyo yako nje, kwa hiyo tunajuana kwa nyusi. Uzi ni wa poliesta, mwembamba kuliko nywele ya mtoto mchanga. Mashine inakwenda taratibu, wewe ungesinzia. Suruali moja inakula nusu ya zamu. Ikitoka inaoshwa, inatiwa makunyanzi kama shingo ya kobe ili ikipinda tumboni isijibane. Kisha mkaguzi anaipitia yote kwa hadubini. Ikishapita inauawa vijidudu, inafungwa kwenye boksi. Moyo ukidunda mara moja, kitambaa kimepigwa mara moja. Ni kama mara laki moja kwa siku, kila siku, mpaka mwenye moyo achoke.

Muulize daktari kama anaweza kupata suruali ya kiwanda kingine. Muulize tu.

Mjukuu wako


15 Machi

Mke wangu mwenye nyusi,

Hapa wote tunapumua. Bibi yako shikamoo yake kaipokea na kuificha. Fundi viatu alikuja kuuliza kama mto wake bado una kazi, nikamwambia aukalie mwenyewe. Miwani amenipima tena. Mwezi uliopita ilikuwa ndimu, sasa ni limau. Anasema ikifika chungwa hatungojani.

Barua yako nimeipitisha kiganja kama mkaguzi wetu wa zamani. Unamkumbuka nilivyokuwa nikikusimulia? Alivuta kitambaa juu ya meza yenye taa, akapapasa, akigusa fundo anapiga ukelele, "Lipo!" na mfumaji anaitwa mbele ya wenzake kama mwizi wa kuku. Kwangu alipapasa, akarudia, akasema, "Hakuna." Mwaka baada ya mwaka, hakuna, hakuna, mpaka likawa jina langu, na lile nililopewa na wazazi likafa njaa. Si kwamba uzi wangu haukukatika. Ulikatika kama wa wengine. Ila nilijua kuufunga fundo dogo, bapa, mikia miwili nikainyoa kwa meno. Nilikufundisha ukiwa na miaka tisa, barazani, kwa uzi wa bibi yako, na kabla mvua haijakatika ulikuwa umeshanipita. Fundi, fundo, kufundisha. Niliishia darasa la nne, lakini nilibaki shuleni muda wa kutosha kuona kwamba hao watatu ni ndugu.

Sasa napapasa barua yako na kuna mahali kiganja kinakwama. Nilikuuliza kitu kimoja: ni kizuri? Umenieleza kucha, pete, kobe na moyo. Hilo hukulijibu. Halafu unanituma nikatafute cha kiwanda kingine. Mpishi akininong'oneza nikale hoteli ya jirani, mimi siulizi habari za jirani. Nauliza ndani ya sufuria yake kuna nini.

Babu Hakuna


2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Kazini kuzuri. Kuna joto. Nenda hospitali siku watakayokupangia.

Mjukuu wako


20 Aprili

Mchumba,

Barua yako imefika. Stempu ilikuwa na maneno mengi kuliko hiyo. Bibi yako aliigeuza nyuma kutafuta nyingine, akasema, "Huyu mtoto anaumwa." Nikamwambia haumwi, ana fundo moyoni. Akaniuliza, "Fundo na nani?" Nikajifanya sikusikia, maana nilikuwa nimeshajua ni fundo gani, na nilijua ni la nani.

Nitakusimulia kitu, kisha utanisimulia chako. Mwaka wa mwisho kabla hawajatufungia kiwanda tuliletewa oda ya mikanda, ile mizito wanayojifunga watu wanaopanda juu ya majengo kupaka rangi. Msimamizi alizunguka mashine zote na kuonya: hapa uzi ukikatika, kata, tupa, anza upya. Wangu ulikatika. Vidole vikafunga kabla kichwa hakijafika. Mkaguzi akapapasa. Hakuna. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala vizuri kabisa. Ni baadaye ndipo nilipoanza kuhesabu ghorofa. Mpaka leo nikimwona mtu yuko juu ya jengo na ndoo ya rangi, navuka barabara. Bibi yako anadhani naogopa kudondoshewa rangi kwenye kofia.

Hilo sijapata kumwambia mtu. Sasa ni zamu yako.

Na uijibu. Barua hujibiwa. Hata nikifa, jibu tu. Bibi yako atakuja kunisomea kwa sauti, nami nitajifanya sisikii, kama kawaida yangu.

Babu Hakuna


18 Mei

Babu,

Shikamoo. Nimechelewa. Nimeandika nikachana mara nyingi, mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia ninaye, ana miaka sabini na sita na meno matatu. Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unalala umekaa kwenye kiti. Hilo hukuniandikia.

Ilikuwa Desemba. Sheria yetu ni hii: uzi wa mtande, ule unaokwenda kwa urefu, ukikatika, suruali nzima inakatwa na kutupwa, nawe unaandika kwenye daftari la mashine. Fundo haliruhusiwi hata moja. Fundo lina mikia, na mkia unaopigwa na damu mara laki moja kwa siku, siku moja utachomoka, na pale uliposhika patabaki tundu. Wiki ile mashine yangu ilikuwa imeshakata mara mbili. Msimamizi alisema mbele ya wote, "Wewe mikono yako ni ya kushika jembe." Mara ya tatu uzi ulikatika suruali ikiwa imebakiza upana wa vidole vinne tu iishe. Babu, sikuamua. Nilipojitazama fundo lilikuwa limeshakaa. Lako. Bapa. Mikia nikainyoa kwa kisu cha uzi.

Mkaguzi akaiweka chini ya hadubini. Fundo lilikuwa limeangukia ndani ya kunyanzi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia anasema, "Hakuna."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kukuandikia siku ileile. Nilijivuna, Babu, zamu nzima nilijivuna. Kisha nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikaona mshipa wa mguu wangu unadunda pale karibu na kifundo. Nilikaa nikautazama mpaka maji ya kuoga yakapoa.

Sijui iko wapi. Suruali za wiki ile zilipakiwa shehena moja, mia moja na arobaini. Nikisema nafukuzwa, na sijui kazi nyingine inayotaka vidole hivi. Nikinyamaza labda hakuna kitakachotokea. Labda fundo lako linashika milele.

Uliuliza kama ni kizuri. Ni kizuri sana, Babu. Zote ni nzuri. Isipokuwa moja.

Mjukuu wako


1 Juni

Mke wangu mdogo,

Sisi wazima. Bati limetengenezwa na fundi viatu, sasa linavuja mahali pawili. Mama yako amekata nywele na tumekatazwa kucheka. Miwani amenipa siku ya kupasuliwa: tarehe 30. Limau limekuwa chungwa. Chungwa dogo, usianze kulia.

Nimesoma yako. Huyo msimamizi wa jembe, siku nikikutana naye nitamng'ata kwa yote matatu. Lakini fundo ni langu. Ningeweza kukufundisha kuchemsha maharage, kukoroma, kutukana kwa adabu. Mimi nikakufundisha kuficha. Niliona ni ufundi, na kwenye shati ulikuwa ufundi.

Nenda kwa mkubwa wa ukaguzi. Mwambie mwezi, mashine, na vidole vinne kutoka mwisho. Usiende kwa yule wa jembe, huyo atalikalia. Na ili usinizungushe, nimemwambia Miwani kwamba silali juu ya meza yake mpaka nipate barua yako inayosema umesema. Alinifokea kwa herufi kubwa, penseli ikavunjika. Bibi yako alinifokea bila penseli. Tumbo ni langu, nalifanyia utani nitakavyo.

Najua ni kukubana koo. Najua utavuliwa hayo meupe. Mimi sikwenda kusema, mchumba. Ningekwenda, leo ningetembea upande wowote wa barabara.

Babu Hakuna


22 Juni

Babu,

Shikamoo. Mwambie mama nywele zitaota.

Nimesema.

Mkubwa wa ukaguzi ni mama wa makamo, miwani yake anaining'iniza kifuani kwa kamba. Aliniambia, "Kaa." Nikamwambia nikikaa sitasema. "Haya, sema umesimama."

Nikasema yote. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitoa nyuzi mbili kwenye droo. "Funga hapa, nione." Nikafunga. Akaliweka chini ya hadubini, akalitazama muda mrefu.

"Umejifunza wapi hili?"

"Barazani."

"Ni fundo zuri sana," akasema. Akashika miwani akaifuta, na haikuwa miwani iliyokuwa na maji. Kisha akanyanyua simu.

Shehena yote inarudishwa, popote ilipo. Hawajui ni suruali ipi, kwa hiyo ni zote. Mia moja thelathini na mbili bado ziko kwenye rafu za hospitali. Nane zimeshaingia kwa watu, na hao wanatafutwa mmoja mmoja wapigwe picha. Mimi nimevuliwa meupe. Nimeombwa nibaki mjini, zikirudi nisaidie kuzipekua, maana wanasema bila mimi hawatalitambua.

Msimamizi alinipita kwenye ngazi akatema chini. Mwenzangu wa chumba amenipikia. Sijui nitafanya kazi gani.

Sasa timiza ahadi. Tarehe 30, Babu. Umeniahidi.

Mjukuu wako


9 Julai

Mke wangu mkubwa, maana leo nimekupandisha cheo,

Barua yako bibi yako aliisoma mwenyewe akalia, akasingizia vitunguu. Hatukuwa na vitunguu. Mama yako hajambo.

Ile siku imesogea kidogo. Miwani kaenda likizo. Naye ni mtu, ana mama wa kumsalimia. Akirudi atanipasua. Usihangaike.

Nimeazima sindano ya bibi yako na miwani ya kusomea ya fundi viatu. Kuna kazi ndogo naifanya hapa kwenye kiti. Ikiisha nitakuambia.

Babu Hakuna


30 Julai

Babu,

Shikamoo. Ulinicheka kwa barua ya stempu. Yako ya mwisho ni ndugu yake.

Tunapekua kila siku. Kila boksi likifika tunaandika limetoka wapi, na orodha inabandikwa ukutani. Jana nilikuwa naisoma nikiwa na kikombe mkononi. Hospitali yetu ya huko nyumbani imo. Maboksi kumi na moja. Pembeni wameandika: yote waliyokuwa nayo.

Nilimwuliza mama kwenye simu, akasema nikuulize wewe. Bibi alikataa kushika simu.

Babu, Miwani yuko likizo kweli?

Mjukuu wako


14 Agosti

Mchumba,

Tuko hapa, tumekaa. Bibi yako ameacha kunifokea, na hilo silipendi hata kidogo.

Hayuko likizo. Anapita hapa kila siku akitoka kazini, ananipima, anakunywa chai yetu, ananigombeza kwa penseli. Tarehe 28 Juni alikuja na karatasi ya kurudisha maboksi. Aliyabeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari, mawili mawili. La kumi na moja ndilo lililokuwa saizi yangu. Hilo alikuja nalo kwenye mkoba, akafunga mlango, akaniandikia: NIKILIFICHA HAKUNA ATAKAYEJUA. Nikamwuliza, "Kama ndilo lenyewe?" Akaandika: MOJA KATI YA MIA MOJA NA AROBAINI. Nikamwambia mimi kuficha nimeacha. Mwezi huu tu ndiyo nimeacha, usinirudishe. Akakaa kwenye ngazi ya mlango muda mrefu, boksi mapajani, halafu akaenda nalo.

Ameomba mengine kila mahali. Lakini kila mahali wanaomba, maana rafu za wote ziko tupu. Wamemwahidi mwanzo wa Septemba. Hospitali kubwa nayo haina, na barabara ya kwenda huko ina mashimo ambayo chungwa langu halitayapenda. Basi nimekaa kama yai. Sikohoi, sicheki kwa nguvu. Hilo la kutocheka ndilo litakaloniua.

Sasa nisikilize, kwa kuwa najua unavyofikiri. Usikae hapo ukasema ungenyamaza babu angekuwa ameshashonwa. Niliyekusukuma ni mimi. Niliyeweka sharti ni mimi. Aliyelirudisha la kumi na moja ni mimi. Na fundo nilikuwa nalo kabla mama yako hajazaliwa. Usininyang'anye.

Kazi yangu imekwisha. Kumbe kwa miaka thelathini na minane nilikuwa nafunga tu, sikuwahi kufungua hata moja. Nikachukua uzi wa bibi yako, nikafunga lile letu, nikalikalia na sindano. Wiki tano, mchumba. Fundo hilo ni jeuri, kichwa chake ni kama changu. Nililisihi, nikalitukana, nikalinyima usingizi. Jana mchana likaachia. Nimekuwekea humu nyuzi zote mbili. Utaona kila mmoja una kikunjo pale ulipokuwa umemng'ang'ania mwenzake. Nimezilowesha, nimezipiga pasi, hakitoki. Kiache.

Nikishonwa nitakuonyesha kovu. Usiposhtuka nitakasirika.

Jibu.

Mumeo mzee,
Babu Hakuna


9 Septemba

Babu,

Shikamoo. Bibi, hapa usome kwa sauti, ulinikubalia.

Mama alipiga simu Jumanne ile, mchana. Alisema neno moja tu, "Hatunaye," kisha nikasikia sufuria ikianguka, na simu ikakatika. Lakini ulisema barua hujibiwa, na ulisema tuanze na salamu na habari za nyumbani. Habari za nyumbani ni kwamba bati limevuja wakati wa msiba na watu wamelowa, na bibi amesema ungefurahi. Fundi viatu amemletea bibi ule mto. Anaukalia. Kovu sitaliona.

Sikuwahi maziko yako kwa sababu siku ileile waliniita kulitambua fundo. Limepatikana. Halikuwa kwenye mia moja thelathini na mbili. Halikuwa kwenye yale kumi na moja. La saizi yako walinipa mimi nilipekue, nikalipitia kunyanzi kwa kunyanzi, nikirudia, nikiomba liwemo. Babu, niliomba liwemo. Mkubwa aliponiuliza nimeona nini, nilishindwa kulitamka jina lako. Nikatikisa kichwa.

Lilikuwa kwa mtu wa nane, wa mwisho kupatikana. Ni mama mmoja, mpishi wa shule, alikuwa amehama mji. Walipompiga picha walikuta damu inachuruzika nyuma ya bomba, kidogo kidogo. Alidhani ni mgongo wa uzee. Walimfungua siku hiyohiyo, wakamshonea la kiwanda kingine. Yuko hai. Ananiombea dua, wanasema, hajui mimi ndiye nani kwake. Kile kipande nililetewa kwenye kikopo cha kioo. Mkia mmoja ulikuwa umechomoka. Mmoja ulikuwa bado umeshika. Nililijua mara moja, kama mtu anavyojua mwandiko.

Boksi jipya lilifika kwa Miwani Alhamisi. Siku mbili, Babu. Alikuwa ameshaandika jina lako kwa penseli kwenye karatasi ya kuagizia, lile la wazazi, alilitoa kwenye cheti. Akalifuta, akaandika la mwalimu mstaafu wa kitanda cha tatu. Mwalimu ameshonwa, anaendelea vizuri, analalamikia chakula. Miwani alikwenda kwa bibi, wakanywa chai, hakuna aliyemgombeza mwenzake.

Basi langu ni keshokutwa. Labda nitafika kabla ya barua hii, nimshikie bibi taa anaposoma.

Nyuzi zako mbili zimefika. Nimezilaza hapa mezani, sambamba, vikunjo vimetazamana. Vidole vinajua la kufanya, vinawasha.

Sijaziunga.

Mjukuu wako